Geji 12, 20 au 28? Bunduki ya marisau kwa grausi na fezanti wa Minnesota

Swali: Naishi St. Cloud, Minnesota, na msimu huu nitawinda kwa mara ya kwanza. Kozi ya usalama wa silaha nimemaliza. Septemba na Oktoba nitakuwa na mume wangu kwenye misitu ya kaskazini tukitafuta grausi, kisha Novemba tutaelekea magharibi kuwinda fezanti, ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, mara nyingi kwenye ardhi ya umma. Mume wangu ana geji 12 ya mitutu miwili, kilo 3.7, anasema itatutosha tukipokezana. Muuzaji dukani ananisukumia geji 28 ya kilo 2.4, eti ndiyo "bunduki ya akina mama". Shemeji yangu naye anaapa kwamba chini ya geji 12 fezanti ataondoka na majeraha tu. Nina urefu wa sentimita 163 na kilo 60. Nichukue ipi?

Jibu: Dada, tafuta geji 20 yenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa katriji) ya inchi 3, uzito wa kilo 2.7 hadi 2.9, mtutu wa inchi 26 au 28, na choki (mbano wa mdomo wa mtutu) za kubadilisha. Kitako kiwe kifupi kuliko cha kawaida cha kiwandani. Nitakuja huko, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Washauri wako watatu wote wameanza na geji. Anza na ndege: ni marisau (vile vitufe vidogo vinavyotoka mtutuni) ya ukubwa gani na mangapi yanayotakiwa kumwangusha, kwa umbali upi? Ukishajua, unajua katriji yako itabeba gramu ngapi. Gramu hizo ndizo zinazosema bunduki iwe na uzito gani ili bega lako lisiumie na mikono yako isichoke. Geji inajichagua yenyewe mwishoni. (Nitasema "katriji" kwa kile kitu kizima unachotia bundukini, na "risasi" kwa ile metali laini, tusichanganyane.)

Geji ni hesabu ya zamani. Chukua ratili moja ya risasi, igawe katika tufe 12 zinazolingana. Tufe moja itaenea kwenye mtutu wa geji 12, ambao kipenyo chake ni milimita 18.5. Ukigawa 20 unapata milimita 15.6, ukigawa 28 unapata 14. Ndiyo maana namba ikiwa kubwa mtutu ni mdogo. Geji haisemi marisau yatapiga kwa nguvu kiasi gani. Risau la namba 6 (hapa pia namba ikiwa kubwa risau ni dogo) linalotoka kwenye geji 28 kwa mwendo wa mita 366 kwa sekunde haliwezi kutofautishwa na ndugu yake aliyetoka geji 12 kwa mwendo huohuo. Wala mtutu mwembamba hautoi mtawanyiko mwembamba. Upana wa mtawanyiko ni kazi ya choki. Kinachobadilika ni idadi. Geji 28 ya kawaida hubeba wakia 3/4, yaani gramu 21. Geji 20 hubeba gramu 25 au 28. Geji 12 ya kuwindia kwa kawaida huanzia gramu 28, nyingi zikiwa 32 na 36.

Sasa ndege wenyewe. Grausi wa misitu ya kaskazini, yule mwenye kola ya manyoya shingoni, ni jamaa ya kwale na ana gramu 500 hadi 650. Si mgumu kufa. Ugumu wake ni kwamba anaruka ghafla kwenye vichaka vya miaspeni michanga, anajificha nyuma ya shina la kwanza analolikuta, na una sekunde moja na ushei. Mara nyingi utafyatua akiwa mita 12 hadi 22. Hapo marisau ya namba 7½ yanatosha majani yakiwa bado mtini, na namba 6 majani yakishapukutika na umbali ukinyooka. Wakia moja ya risasi namba 7½ ina marisau 350 hivi, kwa hiyo gramu 25 za geji 20 zina kama 306 na gramu 21 za geji 28 zina kama 262. Kwa umbali huo, yote mawili ni zaidi ya kutosha. Ungekuwa unawinda grausi tu, ningekuambia uchukue geji 28 ya muuzaji na usisikilize mtu mwingine.

Fezanti ndiye anayebadilisha hesabu. Jogoo ana kilo 1.1 hadi 1.4, ana manyoya mazito, na mara nyingi anaruka akikupa mgongo, yaani marisau lazima yapite mkiani na matumboni kabla ya kufika moyoni na mapafuni. Jogoo aliyevunjika bawa tu hutua na kukimbia, na bila mbwa mzuri humpati. Mapema msimuni anaweza kuruka mita 15 mbele ya mbwa. Ikifika Novemba, waliobaki ni wale waliokwisha kufyatuliwa, na wengi wanaruka mita 25 hadi 35. Kwa risasi nataka namba 5 au 6, gramu 28 kwenda juu. Wakia moja ya namba 6 ina marisau 225. Ya namba 5 ina 170.

Hapo shemeji yako ni nusu sahihi, na ardhi ya umma mnayowinda inaongeza jambo jingine. Maeneo ya serikali kuu ya kuzalishia ndege wa majini, ambayo magharibi mwa Minnesota na Dakota zote mbili yamejaa fezanti, hayaruhusu marisau ya risasi kabisa, hata kama unamtafuta fezanti na si bata. Unaruhusiwa kuwa na marisau yaliyoidhinishwa yasiyo na sumu tu. Katriji moja ya risasi iliyosahaulika kwenye mfuko wa fulana tangu wikendi ya grausi ni kosa, ufyatue usifyatue. Ukivuka mpaka kwenda South Dakota, maeneo ya uwindaji ya jimbo nayo yana sharti hilo. Kabla ya kila safari soma kitabu cha kanuni cha mwaka huo cha jimbo unalokwenda, na usome kibao cha mahali penyewe.

Kisichokuwa na sumu, kwa bei ya mtu wa kawaida, ni chuma. Chuma ni chepesi: uzani wake ni kama gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 11 hivi za risasi. Risau la chuma hupoteza mwendo haraka, kwa hiyo unalichukua kubwa kwa namba mbili ili lipenye sawa. Palipotaka risasi namba 5 unaweka chuma namba 3. Mwisho wa msimu, namba 2. Lakini kwa kuwa ni jepesi, linakula nafasi kwenye ganda. Katriji ya chuma ya geji 20 yenye urefu wa inchi 2¾ kwa kawaida hubeba gramu 21 tu. Ile ya inchi 3 hubeba 25 hadi 28, na ndiyo sababu nimesisitiza chemba ya inchi 3 ingawa kwenye risasi singekuomba uihangaikie. Wakia moja ya chuma namba 3 ina marisau kama 158. Chuma hakipondeki mtutuni kama risasi, hivyo hukaa pamoja vizuri zaidi, na kwenye mita 30 bado unaweza kuwa na marisau mia moja au zaidi ndani ya duara la sentimita 75. Mimi nikiona pungufu ya 90 kwenye duara hilo, sifyatui fezanti kwa umbali huo.

Geji 28 ndipo inapokwama. Katriji zake za chuma kwa kawaida hubeba wakia 3/4 au pungufu, na nyingi zinauzwa na marisau madogo yanayofaa njiwa au sahani za udongo (shabaha zinazorushwa hewani kwa mazoezi). Unaweza kununua bismathi, ambayo ina uzani wa 9.6 na inafanya kazi karibu na risasi, lakini bei yake kwa katriji moja ni mara kadhaa ya chuma, na katriji za geji 28 za aina yoyote huwezi kuzikuta kila duka la mji mdogo siku ya Jumamosi asubuhi. Geji 20 utaikuta hata kituo cha mafuta kinachouza chambo. Kwa bunduki ya kwanza na ya pekee, hilo si jambo dogo.

Tuje kwenye uzito, ambao wauzaji huuzungumza kana kwamba pungufu ni bora daima. Kuna kanuni inayonasibishwa na W. W. Greener, fundi bunduki wa Birmingham wa karne ya 19: bunduki iwe na uzito wa mara 96 ya marisau inayofyatua. Kwa gramu 25 unapata kilo 2.4. Kwa gramu 28, kilo 2.7. Kwa gramu 32, kilo 3.1, na kwa gramu 36, kilo 3.5. Si sheria ya maumbile, lakini imedumu kwa sababu inaelekeza mahali ambapo mpigaji wa kawaida anaacha kulihisi teke na kuanza kumfikiria ndege.

Teke linahesabika. Katriji ya gramu 32 za risasi kwa mwendo wa mita 366 kwa sekunde, kwenye bunduki ya kilo 3.7 ya mume wako, inarudisha begani karibu jouli 24. Ipeleke katriji hiyohiyo kwenye geji 12 nyepesi ya kilo 2.75, ambazo siku hizi zinatangazwa sana, na unapata jouli 32. Geji 20 ya kilo 2.8 ukiilisha gramu 25 inarudisha kama 20, na ukiilisha gramu 28 za mwendo huohuo, kama 25. Ndiyo kusema geji 20 yako yenye katriji ya grausi itapiga teke kidogo kuliko lile dude zito la nyumbani, ingawa ni nyepesi kwa karibu kilo nzima. Ila angalia chuma: katriji za inchi 3 hupakiwa kwa mwendo mkali kufidia wepesi wa risau, na gramu 28 za chuma kwa mita 405 kwa sekunde zitafikisha jouli 32 kwenye bunduki hiyo. Zipo zilizopakiwa kwa mita 457 kwa sekunde, na hizo zinapita jouli 40. Usizinunue. Mita chache unazopata huko mbele hazilipi tabia ya kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa mshtuko, tabia ambayo ikishaingia inachukua miezi kuitoa. Kwa fezanti utafyatua katriji chache kwa siku, si mia kama uwanjani, kwa hiyo jouli 32 zinavumilika. Zaidi ya hapo unajitesa.

Kwa nini basi nisikupe kilo 2.4? Kwa sababu bunduki nyepesi huanza kusogea haraka na husimama haraka vilevile. Kwenye kichaka cha grausi wepesi huo ni faida. Kwa jogoo anayekatiza kutoka kulia kwenda kushoto, mita 28, upepo ukimsukuma, ni hasara: mikono inampita ndege, inasita, mtutu unasimama, marisau yanapita nyuma ya mkia. Wawindaji wapya wengi wanaokosa fezanti wanampiga nyuma. Uzito kidogo mbele ya mkono wa kushoto unaendeleza mwendo hata akili inapositasita. Ndiyo maana kilo 2.8 zilizokaa vizuri ni bora kuliko 2.4 zilizorundikana kwenye kitako. Ipime kwa kuweka bunduki juu ya kidole: ile ya kukunjwa iwiane kwenye bawaba au sentimita moja, mbili mbele yake. Mtutu wa inchi 28 kwenye bunduki nyepesi husaidia zaidi kuliko wa inchi 26, na kwa urefu wako hautakuwa mzigo. Inchi 26 ichague tu kama grausi ndiye atakayekula siku nyingi za msimu wako.

Na bunduki ya mume? Kilo 3.7 ni uzito wa bunduki ya sahani za udongo. Uwanjani ni tamu, inafagia kwa utulivu. Porini unaibeba kwa mikono miwili, tayari, saa tano au sita, ukiruka magogo na kupenya nyasi zinazofika kifuani, na ndege anaruka saa ya nne, wakati mikono imeshashuka. Bunduki iliyochelewa kufika begani kwa nusu sekunde ni sawa na kutokuwa na bunduki. Tena imekatwa kwa mwili wake, si wako. Kupokezana nako sikupendi kwa sababu nyingine: nyote wawili mtakuwa nusu mazoezi.

Aina ya mtambo nitaipitia haraka. Ya pampu, kama Remington 870, ni rahisi kwa bei na hustahimili matope na baridi, lakini inataka mazoezi ili usisahau kuvuta kabla ya kufyatua mara ya pili. Ya nusu-otomatiki inayotumia gesi hupunguza ukali wa teke kwa kulieneza kwenye muda mrefu kidogo, na kwa mtu wa kilo 60 anayepiga chuma hilo linaonekana; inataka kusafishwa. Zile zinazotumia msukumo badala ya gesi ni safi na nyepesi, ila teke lake lote linakuja begani, na baadhi hukataa kufungua kwa katriji dhaifu. Ya mitutu miwili, juu na chini, inakupa choki mbili tofauti na ukiikunja kila mtu anaona kwamba haiwezi kufyatuka, jambo zuri mnapovuka uzio au kusimama na wenzenu. Bei yake ni ya juu. Kama mfuko unaruhusu ningekupeleka huko au kwenye nusu-otomatiki ya gesi. Kama hauruhusu, pampu ya geji 20 ya mitumba iliyotunzwa itaua ndege walewale. Ukitaka wudikoki pia huko kaskazini, yeye ni ndege mhamaji, na kwa wahamaji bunduki isibebe zaidi ya katriji tatu, kwa hiyo pampu au nusu-otomatiki iwe na kizibo cha magazini.

Vipimo vya kitako ni muhimu kuliko kila nilichosema kuhusu mtambo. Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma. Kitako kisipokukaa, jicho liko mahali tofauti kila unapoinua, na marisau yanakwenda tofauti. Vitako vingi vya kiwandani vina sentimita 36 hadi 37 kutoka kifyatulio hadi mwisho. Kwa mtu wa sentimita 163, anzia 34, na kumbuka utavaa koti zito la Novemba, linaloongeza sentimita nzima. Kitako kirefu kinanasa kwapani, unakipeleka kwenye mkono badala ya bega, na ndipo watu wanarudi na michubuko wakiilaumu geji. Pia angalia ncha ya chini ya kitako: kwa wanawake wengi inachimba kifuani kwa sababu pembe ya mwisho wa kitako imekatwa kwa kifua cha mwanamume. Fundi anairekebisha kwa muda mfupi, au unanunua toleo la kitako kifupi ambalo viwanda kadhaa hutengeneza kwa geji 20. Epuka lakini yale matoleo ya watoto yenye mtutu wa inchi 22 na kilo 2.5, yanafaa mtoto wa miaka 12, hayafai fezanti.

Jaribio la dukani, bunduki ikiwa tupu na muuzaji ameshathibitisha: vaa koti lako la kuwindia, kazia macho kitu kilicho juu ya usawa wa kichwa, funga macho, inua bunduki begani, shavu likae kwenye mti wa kitako, fungua macho. Unatakiwa uone kishanga cha mbele kikiwa katikati ya ukanda wa juu ya mtutu, na ukanda ukionekana kidogo tu. Ukiona nyuma ya mtambo peke yake, kitako kiko chini mno na utapiga chini. Ukiona ukanda mrefu kama barabara, kiko juu na utapiga juu. Rudia mara kumi. Mara nane zikitoka sawa, inakukaa. Kabla ya hapo pima jicho lako tawala: nyoosha kidole kuelekea kitu cha mbali kwa macho yote mawili wazi, kisha fumba moja moja. Kama unatumia mkono wa kulia na jicho tawala ni la kushoto, mwambie mwalimu wako wa uwanjani kabla ya kununua chochote, kwa sababu inaweza kukulazimu upige kwa bega la kushoto.

Kisha maneno ya muuzaji yaingie kwenye mizani. Uzito ulioandikwa kwenye katalogi ni wa wastani; mti mzito wa mjozi unaweza kuongeza gramu 100 hadi 200. Nenda na mizani ndogo ya kupimia mizigo ya ndege, ile ya kuning'iniza.

Choki: kwa grausi weka silinda (isiyobana) au silinda iliyoboreshwa (inayobana kidogo). Kwa mita 18 silinda iliyoboreshwa inatoa mtawanyiko wa kama sentimita 65, choki kamili, inayobana sana, inatoa kama 40, na hizo 25 za tofauti ndizo zinazompata grausi. Tena ukimpata na choki kamili kwa umbali huo humli, unamwokota vipande. Kwa fezanti wa Novemba na chuma, silinda iliyoboreshwa hadi choki ya wastani. Usipitishe chuma kikubwa kwenye choki kamili wala kwenye choki isiyoandikwa kwamba inaruhusu chuma. Chuma hakikubali kubanwa, na choki inaweza kuvimba ikagoma kutoka au mtutu ukapata mzingo.

Usiamini maandishi ya kwenye choki mpaka uone karatasi. Bandika karatasi ya upana wa mita 1.2, weka alama katikati, simama umbali unaowindia, siyo ule wa kitabuni: mita 18 kwa katriji ya grausi, mita 30 kwa chuma cha fezanti. Inua na kufyatua kama umeona ndege, usilenge kama bunduki ya rifle. Fanya hivyo kwenye karatasi tatu mpaka tano kwa kila katriji. Chora duara la sentimita 75 pale marisau yalipojaa zaidi, yahesabu. Kisha tazama katikati ya duara iko wapi ukilinganisha na alama. Ikiwa karatasi zote zimekwenda sentimita 15 kushoto, si katriji, ni kitako.

Nimeliweka mbali, lakini hili ndilo ningetaka ulisome mara mbili. Nyumbani kwenu patakuwa na geji 12 na geji 20. Katriji ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye geji 12 haidondoki nje. Inateleza na kukwama mbele ya chemba, mahali mtutu unapoanza kubana. Ukitazama kwa haraka chemba inaonekana tupu. Mtu anafyatua, hakuna kitu, anadhani alisahau kuijaza, anatia katriji ya geji 12 nyuma yake, na ile inayofuata inapasua mtutu pale ulipo mkono wa kushoto. Kwa sababu hiyo Marekani maganda ya geji 20 hutengenezwa ya manjano. Usitegemee rangi peke yake. Fulana yako iwe ya geji 20 tu, ya mume ya geji 12 tu, masanduku kwenye rafu tofauti, na msitiane katriji mifukoni hata kwa kusaidiana. Bunduki ikikataa kulia, fungua, tazama mwanga kupitia mtutu mzima, ndipo ujaze tena. Geji 28 ndani ya 20 nayo inaweza kufanya mchezo huohuo.

Ukiishia kwenye mitumba, soma urefu wa chemba uliogongwa ubavuni mwa mtutu. Katriji ya inchi 3 huingia bila shida kwenye chemba ya inchi 2¾, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limefunguka; likifunguka halina pa kwenda na shinikizo linapanda. Geji 16 za zamani, ambazo utaziona kwa bei ya kuvutia na uzito mtamu wa kilo 2.8, nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zina chemba fupi ya milimita 65, na mitutu yake haikukusudiwa chuma. Ziachie wenye kukusanya.

Katriji za kuanzia: masanduku manne ya risasi gramu 25 namba 8 kwa sahani za udongo kabla ya Septemba, mawili ya gramu 25 namba 7½ kwa grausi na moja la namba 6 kwa Oktoba mwishoni, na mawili ya chuma inchi 3, gramu 28 au 25, namba 3, ya mwendo usiozidi mita 410 kwa sekunde, moja la karatasi na moja la fezanti. Fulana au kofia ya rangi ya chungwa kali au waridi kali unayo lazima huko Minnesota kwa ndege hawa, juu ya kiuno, ionekane. Nunua mwisho, ukishajua koti gani litakuwa chini yake.